Kumkosoa na Kumkosea: Juu ya Vitenzi vya Kumsema Mkuu

Lugha yetu ni tajiri wa maneno ya kumsifu mkuu. Maneno ya kumwambia mkuu kwamba amekwenda kombo ni machache zaidi, na tena kila moja lina masharti yake: nani aweza kulitamka, mbele ya nani, na kwa sauti gani. Katika makala haya nataka kueleza vitenzi vichache vya namna hiyo, na kuonyesha kwamba kila kitenzi kina mwelekeo. Kimoja hushuka kutoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo. Kingine huenda sambamba kati ya watu wa daraja moja. Na vichache mno hupanda. Mwelekeo huo haumo katika kamusi zetu, walakini kila msemaji aujua, na mara nyingine watu huadhibiwa kwa ajili yake.

Tutatumia mfano mmoja wa kweli, yaani waraka wa mwezi Julai 2019, ulioandikwa na makatibu wakuu wawili wastaafu wa Chama cha Mapinduzi. Mifano ya matumizi ya kila siku nimeitafuta katika wilaya mbili zinazopakana za Mkoa wa Pwani, Kibaha na Kisarawe. Sababu ya kuzichagua ni kwamba hapo, katika mwendo wa siku moja, mtu aweza kusikia Kiswahili cha aina tatu: Kiswahili cha kambi, kwa kuwa kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa ya Ruvu iko Mlandizi, Kiswahili cha chama, kwa kuwa Shule ya Uongozi ya Mwalimu Julius Nyerere iko Kibaha, na Kiswahili cha barazani, kama kinavyosemwa na wazee wa Kizaramo wa Kisarawe.

Habari yenyewe

Abdulrahman Kinana alilitumikia jeshi hadi cheo cha Kanali, akawa Waziri wa Ulinzi, kisha Spika wa kwanza wa Bunge la Afrika Mashariki kuanzia 2001, na Katibu Mkuu wa chama tangu 2012 hata 2018. Yusuf Makamba, Luteni mstaafu, alikuwa Katibu Mkuu kabla yake. Mwezi Julai 2019 wawili hao walitoa waraka wakilalamika kwamba mtu aliyejiita mwanaharakati alikuwa akiwachafulia majina hadharani, wala hapakuwa na mwenye mamlaka aliyemkataza. Malalamiko yao waliyapeleka kwa Baraza la Ushauri la viongozi wastaafu wa chama, ambalo katibu wake alikuwa Pius Msekwa. Jina la Rais John Magufuli, aliyekuwa pia mwenyekiti wa chama, halikuwa shabaha iliyotajwa waziwazi; lakini wasomaji wote walifahamu kwamba swali la nani amenyamaza lilikuwa swali juu ya mwenendo wa mkuu wa nchi.

Baada ya siku chache zikasambazwa sauti za mazungumzo ya simu, ambamo baadhi ya viongozi walisikika wakizungumza juu ya hali ya chama na uongozi wake. Mwezi Septemba mmoja wao, Nape Nnauye, alikwenda Ikulu kuomba radhi, akasamehewa. Mwezi Desemba Halmashauri Kuu ya Taifa, iliyokutana Mwanza, iliamuru Kinana, Makamba na Bernard Membe waitwe mbele ya kamati ya maadili. Tarehe 28 Februari 2020 hukumu ikatoka: Membe alifukuzwa, Makamba akasamehewa, na Kinana akapewa karipio, pamoja na kuzuiwa kugombea uongozi kwa miezi 18.

Msomaji atazame maneno yaliyotumika: malalamiko, radhi, msamaha, karipio. Ndani ya maneno haya manne mna sarufi nzima ya mamlaka.

Maneno yanayoshuka

Tuanze na kukaripia. Sentensi "Baba alimkaripia mwanawe" haimshangazi mtu. Tukiigeuza tukasema "Mwana alimkaripia babaye," msikilizaji wa Kisarawe hataona kosa la sarufi, bali ataona utovu wa adabu. Atauliza mtoto huyo kalelewa wapi. Ndivyo ilivyo pia kwa kukemea na kugombeza. Kitenzi gomba chaweza kwenda sambamba kikipata kiambishi cha kutendana, kwa maana wawili waweza kugombana. Lakini kugombeza hushuka tu.

Kuonya na kukanya yana asili ya kupendeza zaidi. Yote mawili ni vitenzi vya kusababisha vya namna ya zamani: kama pona huzaa ponya, basi ona huzaa onya, na kana huzaa kanya. Kuonya, kwa asili, ni kumfanya mtu aone. Kukanya ni kumfanya akane jambo, yaani aliache. Kwa asili hiyo hapakuwa na sababu ya kuonya kushuka tu, kwa maana hata mdogo aweza kuona jambo ambalo mkubwa hajaliona. Walakini mazoea yamelivuta neno chini, hata leo onyo ni jina la adhabu katika ofisi na katika vyama.

Kambini mwelekeo huu hukazwa zaidi. Neno afande, lenye asili ya Kituruki na lililofika kwetu pamoja na askari waliotoka upande wa Misri na Sudan, husemwa na mdogo kwa mkubwa. Amri hushuka, na jibu hupanda likiwa na neno hilo. Kuruta hafundishwi kitenzi cha kumsahihisha anayemwamuru, na kwa kazi ya vita jambo hilo lina maana yake. Mashaka huanza pale Kiswahili cha kambi kinapohamia katika baraza la serikali, mahali ambapo kazi si kutii tu bali ni kushauriana.

Hapa yapasa tukumbuke historia. Baada ya maasi ya askari ya Januari 1964, jeshi la zamani lilivunjwa, na jeshi jipya likaundwa kwa vijana waliotoka katika chama. Kwa miaka mingi askari alikuwa mwanachama, na matawi ya chama yalikuwamo jeshini. Mabadiliko yalikuja 1992 pamoja na mfumo wa vyama vingi. Katiba, katika ibara ya 147, sasa humkataza mwanajeshi kujiunga na chama chochote, ingawa humwachia haki yake ya kupiga kura. Basi watu kama Kinana na Makamba ni watu wa kizazi kilichojifunza lugha mbili pamoja, lugha ya amri na lugha ya kikao. Walipoamua kusema, iliwabidi kuchagua mojawapo.

Maneno yanayopanda

Waliyochagua ni malalamiko. Kulalamika, kama kunung'unika, hakuchukui shamirisho bila msaada: hatusemi "kumlalamika mtu." Ni kitenzi cha mwenye maumivu, ambacho chatueleza hali ya mtenda pasipo kumgusa mtendwa. Kwa sababu hiyo mdogo aweza kukitumia bila kuonekana mfidhuli.

Lakini mara tunapoongeza kiambishi cha kutendea, twapata jambo la ajabu kidogo. "Wanakijiji walimlalamikia mwenyekiti" ina maana mbili: kwamba walimpelekea mwenyekiti shida zao, au kwamba mwenyekiti mwenyewe ndiye shida yao. Mahakamani neno mlalamikiwa humaanisha anayeshtakiwa. Barazani anayelalamikiwa aweza kuwa ndiye msikilizaji. Sarufi yetu imewaweka hakimu na mshtakiwa katika kiti kimoja. Kwa kawaida muktadha huwatenganisha. Mambo huwa magumu pale mtu mmoja anapokuwa kweli ni yote mawili, kama ilivyokuwa 2019, ambapo mwenyekiti wa vikao vyote vikubwa alikuwa ndiye ambaye mwenendo wake uliulizwa. Kwa hiyo waandishi wa waraka walitafuta kiti cha tatu, yaani wazee.

Barazani Kisarawe njia hiyo haina ugeni. Mtu mwenye neno zito juu ya mkubwa hamwendei mwenyewe. Humtafuta mzee wa kumsemea. Angalia tofauti ya kumsema mtu na kumsemea mtu: la kwanza ni kumlaumu, la pili ni kuwa mdomo wake. Tena ipo njia ya utani. Katika misiba ya watu wa Pwani, mtani hupewa ruhusa ya kutaja hadharani ubahili au ukali wa mkubwa, na wafiwa hawakasiriki, kwa maana desturi imekwisha mlinda. Methali nazo zagongana juu ya jambo hili. Moja husema "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," na hiyo hushuka. Nyingine husema "Mkubwa ni jaa," yaani kila taka hutupwa kwake naye hupokea. Na hiyo hupanda. Jamii iliyohifadhi methali ya kwanza na kuisahau ya pili imehifadhi nusu ya hekima yake.

Kukosoa

Limebaki neno lenye kutuhusu zaidi. Kukosoa naona limejengwa kwa kosa pamoja na kiambishi cha kutendua, kile kinachogeuza ziba kuwa zibua na choma kuwa chomoa. Baada ya irabu o hutokea -oa mahali pa -ua. Basi kukosoa, kwa umbo lake, ni kulitendua kosa. Si kumtendua mkosaji. Neno hili halishuki wala halipandi kwa asili. Mwalimu hukosoa mwanafunzi, na msomaji hukosoa kitabu cha mwalimu.

Lugha ya chama imelipenda neno hili tangu zamani, na kada yeyote hujua usemi wa kujikosoa na kukosoana. Mwongozo wa TANU wa 1971, uliotolewa muda mfupi baada ya Idi Amin kutwaa madaraka Uganda, uliwakataza viongozi majivuno na uonevu, na kuwapa watu wa chini haki ya kupinga mwenendo huo. Lakini tuviangalie viambishi. Kujikosoa kwamrudishia mtenda kazi yake mwenyewe: kiongozi ndiye atakayeamua kama amekosa. Kukosoana kwataka watu wawili walio sawa. Umbo lililo jepesi kuliko yote, yaani kumkosoa kiongozi, lenye mtenda wa chini na mtendwa wa juu, ndilo ambalo halisikiki sana katika mafunzo, na ndilo ambalo 2019 lilijaribiwa.

Zaidi ya hayo, irabu moja tu hutenganisha kumkosoa mtu na kumkosea mtu. La kwanza ni kumwonyesha kosa lake. La pili ni kumtendea kosa. Waliotoa waraka walidhani wanafanya la kwanza. Waliohukumu walisikia la pili, na jibu la kukosewa ni radhi au karipio, wala si hoja. Swali lililoulizwa ndani ya waraka, kama ni halali raia kuchafuliwa jina huku wenye mamlaka wakinyamaza, halikujibiwa na karipio hilo, kwa sababu karipio si aina ya jibu.

Jambo hili si la Tanzania peke yake. Mwezi Novemba 1999 Kanali Kizza Besigye wa Uganda, ambaye alikuwa bado askari, aliandika waraka kwa Kiingereza kueleza jinsi uongozi wa Rais Yoweri Museveni ulivyopotoka katika njia yake ya mwanzo. Wakuu wa jeshi walimtishia mahakama ya kijeshi, na lawama yao kubwa ilikuwa kwamba amesema mahali pasipopasa. Besigye aliondoka jeshini, na 2001 akashindana na Museveni katika uchaguzi. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba ni Kiswahili kilicho na upungufu. Kila mahali mtu wa ndani anaposema, swali la kwanza huwa juu ya mahali na cheo, na ukweli wa maneno huja baadaye kama waja. Wenzetu wa ndani pia hulipa zaidi kuliko wapinzani wa nje, maana wao huhesabiwa kuwa ndio ile "kikulacho ki nguoni mwako."

Faida ya uchunguzi huu

Zile sauti za simu zina fundisho kwa mwanaisimu. Watu wanapokosa kitenzi halali cha kupanda, hawaachi kusema. Huhamia katika kunong'ona na kusengenya. Mnong'ono hauna mahali pa kujibiwa. Ukinaswa huwa ushahidi, na usiponaswa huwa sumu. Mkuu naye hupoteza, kwa maana habari za makosa yake humfikia zikiwa zimechelewa, tena zikiwa zimevaa sura ya uadui.

Magufuli alifariki dunia Machi 2021. Mwezi Aprili 2022 Kinana, yule aliyekaripiwa, alichaguliwa kuwa Makamu Mwenyekiti wa chama hicho hicho kwa upande wa Bara, akaishika kazi hiyo hadi alipojiuzulu Julai 2024. Wiki chache kabla ya kuchaguliwa kwake, shule ya Kibaha, ambayo jiwe lake la msingi liliwekwa na Magufuli mwenyewe 2018, ilifunguliwa ili kuwafunda makada wa vyama sita vya ukombozi vya kusini mwa Afrika, kikiwamo chetu.

Nina mapendekezo mawili. La kwanza ni kwa watunga kamusi: si vema kueleza kukaripia, kuonya, kulalamika na kukosoa kana kwamba yatofautiana kwa ukali tu. Yafaa kila kidahizo kionyeshe nani humwambia nani, pamoja na sentensi moja ya mfano ambamo mdogo ndiye mtenda, au maelezo kwamba sentensi hiyo haikubaliki. La pili ni kwa walimu, wawe wa Kibaha au wa kwingineko: wanapofundisha kujikosoa na kukosoana, wafundishe pia kitenzi chenyewe pasipo kiambishi, na wawaulize wanafunzi wao ni katika kikao gani, na kwa maneno gani, mtu wa cheo cha chini aweza kumkosoa mwenyekiti wake akarudi nyumbani salama.