Panga Paa Kabla ya Msingi
Ifakara ipo takribani nyuzi 8 kusini mwa Ikweta. Kwa sababu hiyo, tangu mwanzo wa Machi hadi katikati ya Oktoba, jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini. Miezi ya mawingu ya masika imo humo. Tunamshauri kila anayejenga katika mitaa mipya aelekeze mteremko mmoja wa paa kaskazini. Aidha, kivuli cha mwembe au cha ghorofa ya jirani kikiangukia paneli moja, huweza kupunguza umeme wa paneli zote zilizounganishwa nayo kwa mfululizo. Kubaliana mapema na majirani, na tumia fundi mwenye leseni. Ni rahisi kulipanga paa kwenye ramani kuliko kuligeuza likishaezekwa.