Mtandao Unapopotea Baada ya Kusasisha Kerneli

Mada hii huwachanganya watahiniwa kwa sababu dalili yake inafanana na ya kifaa kibovu. Jana kompyuta ilikuwa na intaneti. Usiku ikasasisha mfumo endeshi. Asubuhi inawashwa na alama ya Wi-Fi haipo. Anayejibu "kadi ya mtandao imeungua" amekisia tu, wala hajaeleza kwa nini iungue saa ileile ya kusasisha.

Kerneli ni sehemu ya mfumo endeshi inayokaa kati ya programu na maunzi. Hugawa kumbukumbu, hupanga zamu za prosesa na huwasiliana na vifaa kwa kutumia draiva. Kerneli ya Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, ndiyo inayotumiwa na Ubuntu. Draiva nyingi huja pamoja nayo zikiwa moduli. Nyingine, kama za baadhi ya kadi za Wi-Fi za Broadcom na Realtek, huletwa kando na hujengwa kwa ajili ya toleo moja tu la kerneli. Moduli hukaa katika folda yenye namba ya toleo, mfano /lib/modules/5.15.0-91-generic. Mfumo ukihamia toleo la 6.8, kerneli mpya hutafuta katika folda yake yenyewe na haikuti kitu. Kadi ni nzima, na draiva bado ipo kwenye diski, ila katika folda ya toleo la zamani.

Sasa chukulia kompyuta hiyo iko Engaresero, kijiji cha wilaya ya Ngorongoro chini ya mlima Ol Doinyo Lengai, karibu na Ziwa Natron, nayo hutumika kuandikisha wageni wanaokuja kuona nyayo za kale za binadamu. Fundi yuko mbali, na barabara ya kwenda Mto wa Mbu ni ya vumbi na mawe. Intaneti inahitajika ili kupakua draiva, na draiva inahitajika ili kupata intaneti. Kuku na yai. Kubeba kompyuta hadi mjini kwa tatizo hili ni kupoteza nauli.

Kwanza hakikisha kadi inaonekana. Amri lspci -k huorodhesha vifaa vya ndani na draiva inayotumika kwa kila kimoja. Kwa kifaa cha USB tumia lsusb. Kadi ikiwa kwenye orodha lakini haina draiva inayotumika, kosa ni la programu. Amri uname -r itakuonyesha toleo la kerneli linalofanya kazi wakati huo. Usisahau pia rfkill list, maana mara nyingine Wi-Fi imezimwa tu kwa kitufe.

Njia ya haraka ya kutoka ni kurudi kwenye kerneli ya zamani. Ubuntu haifuti toleo lililotangulia mara moja. Washa upya, bonyeza Esc au shikilia Shift mpaka menyu ya GRUB itokee, ingia kwenye chaguo za ziada, chagua namba ya zamani. Wi-Fi itarudi na wageni wataandikishwa. Njia nyingine ni kuunganisha simu kwa waya wa USB na kugawa intaneti yake, kwa kuwa draiva ya njia hiyo kwa kawaida imo ndani ya kerneli yenyewe. Hapo unachogharamia ni bando.

Tiba yenyewe ni kujenga draiva upya. Kazi hiyo hufanywa na DKMS, zana iliyotengenezwa na kampuni ya Dell mwaka 2003, ambayo hujenga moduli kila kerneli inapobadilika. Hushindwa hasa pale hederi za kerneli mpya zinapokosekana. Hapa pana mtego: ukiwa umewasha kerneli ya zamani, uname -r hutoa namba ya zamani, kwa hiyo ukisakinisha hederi kwa kufuata namba hiyo hutatibu kitu. Andika namba ya toleo jipya kwa mkono. Kama moduli imejengwa lakini inakataliwa, chunguza Secure Boot, ambayo huzuia moduli zisizo na saini inayotambulika.

Kwenye Windows wazo ni lilelile: fungua orodha ya vifaa na urudishe draiva iliyotangulia.

Hata hivyo, usiandike kwamba programu haiwezi kamwe kudhuru kadi. Mwaka 2008 matoleo ya majaribio ya kerneli 2.6.27 yaliharibu kumbukumbu ya ndani ya baadhi ya kadi za Intel zinazotumia draiva ya e1000e. Kosa lilidhibitiwa kabla ya toleo kamili kutoka Oktoba mwaka huo. Ni tukio la nadra, na linafaa kutajwa kwa sentensi moja tu.

Swali la kujipima: Kompyuta ya kituo cha wageni imepoteza Wi-Fi baada ya kusasishwa, lakini ikiwashwa kwa kerneli ya zamani Wi-Fi inafanya kazi. (a) Taja sehemu yenye tatizo na utoe sababu. (b) Kwa nini si busara kufuta kerneli ya zamani siku hiyohiyo?