Fahamu: Muuguzi akifuatiliwa siku 21, nyumbani kunakuwaje?
Machi 2023 ugonjwa wa virusi vya Marburg ulithibitishwa Kagera, ng'ambo ya ziwa kutoka huku kwetu Mwanza. Miongoni mwa waliofariki alikuwamo mhudumu wa afya. Januari 2025 ukarudi, safari hii Biharamulo.

Dalili huchukua siku 2 hadi 21 kujitokeza, ndiyo maana mhudumu aliyemgusa mgonjwa bila kinga kamili hufuatiliwa siku 21, akipimwa joto kila siku. Virusi hivi hupita kwenye majimaji ya mwili, na asiye na dalili haambukizi. Haya, mweleze hayo mtoto wa miaka mitatu anayetaka kubebwa.

Kwa muuguzi wa Bujora, hapa Mwanza, wiki hizo tatu zina maswali yake: mtoto atalala na nani, msibani ataenda nani kwa niaba yake. Ugali huliwa pamoja. Anayetengewa sahani pembeni huonekana ana jambo. Majirani nao hawasubiri majibu ya maabara. Kwa maoni yangu, posho ya mazingira hatarishi isiyomfikiria shangazi anayebaki na watoto ni nusu posho.

Mlipuko wa 2023 ulitangazwa kwisha Juni 2, baada ya siku 42 bila mgonjwa mpya, yaani zile 21 mara mbili.