Ruzuku ya pamba: Bolivar yalipwa, Bariadi yasubiri bei

Kaunti ya Bolivar, katika jimbo la Mississippi nchini Marekani, ni nchi tambarare kando ya mto, yenye rutuba iliyootesha pamba tangu zama za utumwa. Wakaazi wake walio wengi ni weusi. Lakini fedha za ruzuku ya pamba kutoka Washington huwaendea zaidi wenye mashamba makubwa, na wengi wa hao ni wazungu.

Utaratibu wenyewe ni wa ajabu kidogo. Mwaka 2018 Bunge la Marekani liliirudisha pamba katika mpango wa malipo na kuiwekea pamba mbegu, yaani ile ambayo haijachambuliwa, bei ya senti 36.7 kwa ratili. Bei ya soko ikishuka chini ya hapo, serikali hulipa tofauti kwa asilimia 85 ya ekari zilizoandikishwa. Ekari hizo ni zile za kwenye daftari, kutokana na kilimo cha miaka iliyopita. Mkulima anaweza kupanda soya msimu huu na bado akalipwa kwa pamba ambayo hakuipanda! Mississippi ilipanda pamba zaidi ya ekari milioni moja mwaka 2006. Mwaka 2023 haikufika hata nusu yake.

Sheria iliyotiwa saini na Rais Trump tarehe 4 Julai 2025 ilipandisha bei hiyo hadi senti 42. Tuchukue mfano: bei ya soko ni senti 32, na shamba limeandikishwa kwa mavuno ya ratili 2,000 kwa ekari. Kila ekari italipwa dola 170. Mwenye ekari 1,000 angepata dola 170,000, ila sheria imeweka ukomo wa dola 155,000 kwa mtu mmoja. Dawa yake inajulikana: ndugu huingia ubia, kila mmoja na ukomo wake.

Ndani ya kaunti hiyo hiyo upo mji wa Mound Bayou, ulioanzishwa mwaka 1887 na watu weusi waliotoka utumwani ili walime ardhi yao wenyewe. Mwaka 1920 Marekani ilikuwa na wakulima weusi wapatao 925,000. Leo hawafiki 50,000. Katika kesi iliyomalizika kwa suluhu mwaka 1999, wakulima weusi waliilalamikia Wizara ya Kilimo kwa kuwabagua katika mikopo na misaada. Aliyekwisha kupoteza shamba hana ekari za kuandikisha.

Madhara hayaishii Mississippi. Benin, Burkina Faso, Chad na Mali zililalamika mbele ya Shirika la Biashara Duniani mwaka 2003 kwamba ruzuku hizo zinashusha bei ya dunia. Brazil ilishtaki, ikashinda, na mwaka 2014 ikakubali dola milioni 300 kumaliza ugomvi. Nchi hizo nne za Afrika hazikuwa na ubavu wa kuitishia Marekani kwa vikwazo vya biashara kama ilivyofanya Brazil.

Msukuma wa Bariadi au Meatu naye huuza kwa bei inayofuata soko hilo hilo. Ikianguka, hana daftari la ekari za zamani. Mzigo unapimwa, analipwa bei ya msimu, basi.

Huko Marekani, malipo ya zao la 2025 kwa bei mpya yalipangwa kuanza Oktoba 2026.