Mgongo Umepona, Kwa Nini Ungali Unauma?

Pengine wewe ni mchimbaji wa zahabu kule Mongbwalu, ama mama anayebeba mizigo sokoni Bunia. Mgongo ulianza kuuma siku ile ulipoinua mfuko wa mchanga. Sasa ni mwaka wa pili. Umemeza vidonge, umepigwa sindano, umechanjwa chale, na nyumbani wanaanza kusema unajifanya mgonjwa tu.

Hapana. Maumivu yako ni ya kweli. Lakini pengine mgongo wenyewe ulikwisha kupona.

Neva, zile nyuzi zinazotembeza habari mwilini, hazibebi maumivu. Zinabeba habari ya hatari, na ubongo ndio unaamua kama itauma, na kiasi gani. Tazama mtu aliyekatwa mguu, na vita imetuachia wengi hapa Ituri: anaweza kuumwa na vidole ambavyo havipo tena! Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall waliandika kwamba katika uti wa mgongo kuna namna ya mlango unaoachilia habari zingine na kuzuia zingine. Ndiyo maana ukijigonga unapasugua.

Sasa, hatari ikidumu, neva zinazoea kulia haraka. Anayekaa Bunia anaelewa hii: aliyekimbia risasi hushtuka hata upepo ukifunga mlango. Maumivu yakipita miezi 3, mara nyingi ni hivyo. Wasiwasi na kukosa usingizi huzidisha.

Na usiogopeshwe na picha. Mwaka 2015 watafiti walikusanya picha za skana za watu zaidi ya 3,000 wasioumwa mgongo hata kidogo. Kwa wenye miaka 50, karibu 8 katika 10 walikuwa na diski zilizochakaa katikati ya pingili za mgongo.

Basi, tufanye nini? Kulala kitandani hakusaidii. Tembea kidogo kila siku, hata kama panauma kidogo; leo mpaka kwa jirani, juma lijalo mpaka barabarani. Neva zitajifunza pole pole kwamba kuinama si hatari. Sindano za diclofenac kila juma, wacha: zinaharibu tumbo na figo.

Lakini ukiwa na homa, ukikonda bila sababu (kifua kikuu kinaweza kuingia katika uti wa mgongo), miguu ikilegea, ukikosa kuzuia mkojo, ama ukifa ganzi katikati ya mapaja, usingoje kesho. Weka gazeti chini, uende hospitali.