Uzito bila kipimo si mazoezi

Hapa kwetu, ukimwambia kijana wa mine afanye mazoezi, atakucheka. «Miye? Mazoezi ya nini tena? Mine njo mazoezi yangu!» Halafu anakuonyesha mabega. Na kweli, mtu anayepandisha mifuko ya mawe tangu asubuyi mpaka mangaribi, nani atamwambia kama hana nguvu? Lakini tuangalie pia yule mzee aliyebeba mifuko ile ile miaka makumi mawili. Leo akitaka kuinuka kwenye kiti, anashika mgongo. Kama kubeba njo mazoezi, mbona hakukumwachia nguvu?

Swali hilo lilitupeleka mbali, mpaka kwa mwanamke mmoja wa Australia anayeitwa Tia-Clair Toomey. Alizaliwa mwaka 1993 katika jimbo la Queensland. Alipokuwa bado msichana, wazazi wake walihamia Weipa, kule kaskazini kabisa, mji uliojengwa juu ya mine ya boksiti, ule udongo mwekundu unaotoa aluminiyumu. Boksiti ya Weipa inapakiwa kwenye meli na kupelekwa Gladstone kusafishwa. Binti naye akafuata njia kama ile: alipokua, alipata kazi ya laboratwari kule Gladstone, katika kiwanda cha kusafishia. Saa za kazi, mshahara wa mwisho wa mwezi, kuamka mapema: maisha ambayo kila lupango la hapa linayajua. Mazoezi yake aliyapanga pembeni ya kazi.

Mchezo wake unaitwa CrossFit. Mashindano yake makubwa yalianza mwaka 2007 kwenye shamba moja kule Kalifornia. Hapo si mbio tu, wala si kuinua vyuma tu. Leo mnakimbia na kuogelea, kesho mnapanda kamba, mnabeba mifuko ya mchanga, mnatembea kwa mikono miguu iko juu. Tena majaribu mengi hamwambiwi mapema. Mwenye kushinda si yule aliye na kitu kimoja anachokiweza sana; ni yule ambaye hakuna kitu kinachomshinda kabisa.

Toomey alikuwa mkimbiaji kwanza. Mwaka 2015 alifika kwenye mashindano hayo mara ya kwanza, akawa wa pili. Mwaka 2016, wa pili tena. Wiki chache kisha, akaenda Olimpiki ya Rio kuinua vyuma kwa wanawake wa kilo 58, akawa wa 14. Wengine wangeacha. Yeye mwaka 2017 akashinda CrossFit kwa pointi 2 tu. Mwaka 2018 akapata medali ya zahabu ya kuinua vyuma katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, jumla kilo 201. Alishinda CrossFit kila mwaka mpaka 2022. Mwaka 2023 akazaa mtoto wa kike, hakushindana. Mwaka 2024 akarudi, akashinda; 2025 vilevile. Jumla mara 8. Hakuna mwingine, mwanaume ao mwanamke, aliyefikia hesabu hiyo kwa mtu mmoja mmoja.

Sasa, siri iko wapi? Si kwamba anabeba vizito kuliko creuseur wetu. Siri ni kipimo. Katika mchezo huu, mwanamke anaanza na chuma kitupu cha kilo 15, mwanaume cha kilo 20. Anajifunza kwanza namna ya kusimama na kushika. Akijua, njo wanaongeza, kidogo kidogo, kilo moja, kilo mbili. Wiki ngumu inafuatwa na wiki nyepesi. Juu ya nini? Juu mwili haujengwi wakati wa kubeba. Kubeba kunauchosha na kuuumiza kidogo. Usingizi na chakula njo vinautengeneza upya. Ukibeba tena mbele haujatengenezeka, unakula akiba. Ukifanya hivyo miaka, akiba inaisha.

Tena Toomey hajipimii peke yake. Bwana yake, Shane Orr, njo mwalimu wake. Iko mtu anayeandika hesabu, anayeona kama leo ni siku ya kuongeza ao ya kuacha.

Hata pale kwenye vigogo, nguvu peke yake haitoshi. Tarehe 8 Agosti 2024, kule Fort Worth, Texas, jaribu la kwanza lilikuwa kukimbia karibu kilometa 5 na nusu, halafu kuogelea mita 800 katika ziwa. Lazar Đukić, kijana wa Serbia wa miaka 28, mmoja wa wale wenye nguvu sana duniani, alizama na kufa karibu na mwisho. Baadhi ya wenzake walijitoa katika mashindano. Watu wa mine hawahitaji kuelezwa jambo hilo. Mtu hodari akichoka anahitaji jicho la mwingine, na jicho hilo linapaswa kuwa karibu.

Tunajua mtakachotuambia: mwanamichezo anachagua uzito wake, creuseur analipwa kwa kile alichotoa. Ni kweli, na hatutasema uongo kwamba sali ya mazoezi itabadilisha bei ya mawe. Lakini kuko vitu ambavyo havingojei patroni. Mfuko uliozidi, ugawanye mara mbili, ao mubebe wawili. Kuinua: miguu iachane, magoti yakunjwe, mgongo unyooke, mzigo ukae karibu na tumbo, miguu njo isukume. Usigeuze kiuno na mzigo mikononi, geuza miguu. Kunywa maji mbele ya kusikia kiu. Maumivu yanayoshuka mguuni ao mguu unaokufa ganzi si uchovu, hayo ni ya kumwonyesha munganga.

Na nyumbani? Mama akiongeza maharagi ao samaki kidogo pembeni ya bukari, ile si anasa, ni sehemu ya kazi. Baba aliyetoka posti ya usiku, watoto waende kuchezea mbali mpaka aamke. Kulala kwake mchana si uvivu.

Mine haitampimia mtu uzito wake. Bingwa wa mara 8 anahitaji mtu wa kumwambia «leo inatosha». Basi wewe unayebeba kila siku, mtu huyo ni nani katika nyumba yako, na ukiambiwa, unamsikia?