Shibiri Moja Nyuma ya Tairi

Mvua ikiisha kunyesha Juba, simama karibu na soko la Custom uyatazame malori kwa nyuma. Mbele kuna rangi mpya na maandishi ya kujisifu. Nyuma, hasa kwenye malori ya zamani yenye jukwaa tupu la mbao, tairi ziko uchi, taa zimezibwa na udongo mwekundu na namba haisomeki. Kinachokosekana ni kipande cha mpira cha kuning'inia nyuma ya tairi, yaani mpira wa matope. Mwenye lori hukiweka mwisho wa orodha ya matengenezo, maana haoni faida yake. Anayeiona ni yule anayemfuata.

Mengi ya malori hayo hayakuja na mpira huo. Chukua Bedford TJ, iliyoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1958 na kubeba mizigo ya Sudan kwa miaka mingi. Mara nyingi iliuzwa kichwa na chesisi tu, bodi ikajengwa na mafundi wa huku. Tairi za mbele zilikuja na madigadi zake za chuma. Za nyuma aliachiwa fundi wa bodi, naye mara nyingi aliishia kwenye mbao.

Tairi likizunguka, uso wake unakimbia kwa mwendo uleule wa gari. Kwenye kilomita 60 kwa saa, hiyo ni karibu mita 17 kwa sekunde. Kokoto ikichomoka upande wa nyuma wa tairi, usawa wa ekseli, inarushwa juu kwa nguvu ya kupanda mita 14 kama hakuna cha kuizuia. Hapo inagonga mbao, nyaya za taa na mipira ya breki. Inayochomoka chini zaidi hupita nje ya jukwaa na kuelea hewani, na gari la nyuma linakuja kwa kilomita 60 zake kuipokea kwa kioo. Watu husema jiwe limekifuata kioo, kumbe kioo ndicho kilicholifuata jiwe.

Barabara ya Juba–Nimule, kilomita 192, ilipokamilika kwa lami mwaka 2012, mwendo wa magari uliongezeka. Lakini lori linaloingia kwenye lami hiyo limetoka kwenye vichochoro vya udongo, na mara nyingi limebana jiwe katikati ya tairi mbili za nyuma. Jiwe hilo likichomoka, si kokoto tena.

Sasa tufunge. Mpira mzuri ni mnene na mzito. Mkanda mkuukuu wa mashine za kusafirisha kokoto unafaa sana. Upana ufunike tairi zote mbili za upande mmoja, kama sentimita 55 hadi 60 kwa tairi za 9.00-20. Uning'inie shibiri moja nyuma ya tairi. Ukiwa karibu zaidi, springi zikilala tairi litausugua. Ukiwa mbali, kokoto zitapita juu yake. Ncha ya chini iwe sentimita 25 hadi 30 kutoka ardhini, lori likiwa na mzigo. Hapa ndipo wengi hukosea: wanapima lori likiwa tupu, likipakiwa mpira unakaribia mno ardhi, na siku ya kurudi nyuma tairi linaukanyaga na kuung'oa pamoja na chuma chake. Fundi mwangalifu hufunga mpira mrefu kwanza, hupakia mzigo, ndipo anakata.

Usiitie chesisi kovu. Kingo za juu na za chini za boriti ya chesisi ndizo zinazobeba uzito. Tundu moja la drili au tone la kuchomelea pale ni mwanzo wa ufa, na chesisi ya miaka 50 haina subira na nyufa. Fungia chuma cha mpira kwenye boriti ya bodi, au tumia matundu yaliyopo ubavuni mwa chesisi. Bana mpira kati ya chuma hicho na bamba la chuma, kwa boliti nne au zaidi, washa pana na nati za kujifunga, maana mtikisiko hulegeza nati za kawaida. Uepushe na bomba la moshi.

Sudan ilihamia kuendesha upande wa kulia mwaka 1973, na Sudan Kusini ikarithi hivyo. Lori la zamani lenye usukani kulia humweka dereva pembeni mwa barabara, kwa hiyo mpira wa kulia anauona vizuri kwenye kioo. Wa kushoto ukidondoka, anaweza kwenda siku nzima bila kujua. Kazi ya kuuangalia ni ya utingo, kila lori linaposimama.

Mpira huu haumwokoi mpita njia na dimbwi. Maji yale husukumwa ubavuni na tairi linapokanyaga. Dawa yake ni mguu wa dereva tu.

Ukimaliza, osha taa za nyuma, pakia, uende kilomita kumi kwenye njia yenye tope. Ukirudi, lala chini ya jukwaa utazame. Tope likiwa limeganda kwenye mpira, umepima sawa. Likiwa kwenye taa, rudi na futikamba.